Liyongo: Shujaa au Mwonevu? Mabishano ya Muda Mrefu Juu ya Mtu wa Shaka

Mwaka 1996 mwandishi Mmarekani George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa A Song of Ice and Fire. Wasomaji hawakukawia kuanza kubishana: kijana anayeitwa Jon Snow, mama yake hasa ni nani? Waliokusanya dalili kutoka ukurasa huu na ule walitoa jibu lao miaka mingi kabla ya tamthilia ya Game of Thrones kulithibitisha mwaka 2016. Kitabu cha tano kilitoka 2011, na hadi leo cha sita kinasubiriwa. Katika chama chetu hakuna ubishi unaopandisha sauti kama huu: nani alikuwa na haki ya kiti, nani msaliti, nani alionewa na mwandishi.

Makala hii inataka kuonyesha kwamba ubishi wa namna hiyo si mgeni kwa watu wa lugha yetu. Pwani ya Afrika Mashariki ina mtu wake ambaye watu wamebishana juu yake kwa muda mrefu: Fumo Liyongo. Nani alikuwa mrithi halali? Aliishi lini? Aliyemuua alikuwa mwovu au alidanganywa? Na je, yeye mwenyewe alikuwa mwema? Tofauti kubwa ni moja. Mashabiki wa Martin wanamsubiri mwandishi aje kuamua. Kwa Liyongo hakuna wa kumsubiri. Kwa hiyo namna tunavyobishana ina uzito zaidi, kwa sababu jibu tunalolishika ndilo litakalobaki.

Kisa kwa ufupi

Kwa wanachama wapya ambao hawajakisikia nyumbani, kisa kinakwenda hivi. Liyongo alikuwa mtu wa Shaka, mji wa kale karibu na mlango wa Mto Tana, katika Kenya ya leo. Alikuwa na nguvu zisizo za kawaida, hodari wa upinde na bingwa wa mashairi. Mtawala alimwogopa akataka afe. Katika utendi, njama ya kwanza ilikuwa ya mkoma. Wenzake walikwenda naye porini kula makoma kwa zamu, kila siku mmoja akipanda mti. Zamu yake ikifika na akiwa juu, wamlenge mishale. Liyongo hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe, nao wakajua huyu hawamwezi.

Baadaye alikamatwa akafungwa. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi walikula kila kilicho kizuri na kumwachia makapi. Liyongo akamwimbia Saada wimbo mbele ya walinzi hao hao, nao wasielewe kwamba ni ujumbe. Mama akaelewa. Alioka mikate mizuri na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akaficha tupa. Walinzi wakachukua mizuri, wa wishwa wakamwachia mfungwa. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu nje ya gereza, na katika kelele za ngoma, pembe na matoazi Liyongo akakata minyororo yake.

Mwisho walimtumia mtoto wake wa kiume. Kijana aliahidiwa binti wa mtawala na cheo. Akamuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua, akaambiwa: sindano ya shaba kitovuni. Alimchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde wake, akaenda akapiga magoti kando ya kisima na kuuvuta upinde kama anayetaka kupiga. Akafa katika hali hiyo. Watu walimwona kwa mbali, wakaogopa, wasithubutu kuteka maji. Mama yake akaitwa aje amsihi mwanawe. Hatimaye mwili ulianguka ndipo wakajua.

Masimulizi mawili, watu wawili

Liyongo tunayemjua wengi wetu anatoka katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kijumwa alikuwa mshairi, mwanamuziki na mwandishi wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wataalamu wengi wa Ulaya walipata miswada kutoka mkononi mwake. Katika utendi wake Liyongo ni mtu wa kuonewa: mwema, mpole kwa mama yake, anayehusudiwa na sultani wa Pate kwa sababu tu watu wanamsifu. Msomaji hapati nafasi ya kumchukia.

Lakini kuna simulizi la zamani zaidi katika maandishi. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London kitabu cha Swahili Tales, alichokusanya kwa wasimulizi wa Zanzibar, na ndani yake mna hadithi ya Liyongo kwa nathari. Kule Liyongo anaingia kwa mlango mwingine kabisa. Anatajwa kuwa mtu mwenye nguvu sana na mkubwa katika mji, kisha tunaambiwa kwamba aliwaudhi watu mno, na watu wakafanya shauri wamkamate.

Tuone tofauti hiyo inavyobadilisha kila kitu. Kwa Kijumwa tatizo ni wivu wa mtu mmoja kitini. Kwa msimulizi wa Steere tatizo ni mji uliochoka na mbabe wake. Mambo ni yale yale: gereza, tupa, sindano, kisima. Ila mmoja anamlilia Liyongo na mwingine anausikitikia mji. Tungekuwa mashabiki wa filamu tungesema mwandishi wa pili amebadilisha mhusika. Hapa hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu hatuna mwandishi wa kwanza. Miaka 43 kati ya 1870 na 1913 ni tofauti ya tarehe za maandishi tu. Masimulizi yote mawili yalikuwa yakienda mdomoni kabla ya hapo, kila moja kwa watu wake na mahali pake.

Maoni yetu ni kwamba ukimchagua Liyongo mmoja na kumtupa mwingine, umeharibu ushahidi. Mtu mwenye nguvu nyingi katika mji mdogo anaweza kuwa fahari ya jamaa zake na mzigo kwa majirani zake kwa wakati mmoja. Kisima kinasema hivyo katika masimulizi yote mawili: hata akiwa amekufa, watu wa mji wanakaa na kiu kwa kumwogopa.

Nani alikuwa na haki ya kiti?

Swali hili ndilo wapenzi wa Game of Thrones watalishika kwanza. Mpinzani wa Liyongo hutajwa kwa jina la Mringwari. Masimulizi mengine yanasema walikuwa ndugu wa baba mmoja, Liyongo akiwa mkubwa lakini mama yake hakuwa mke mwenye cheo. Mengine yanasema walikuwa binamu. Alice Werner, mwalimu wa Kiswahili wa London aliyefika pwani ya Kenya miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ni miongoni mwa waliokusanya habari hizi na kuziandikia.

Kutokana na hitilafu hiyo wasomi wameeleza ugomvi kwa namna mbili. Wa kwanza wanaona husuda ya kawaida ya jumba la kifalme. Wa pili wanaona mgongano wa sheria mbili za urithi: ile ya kale inayopitisha kiti kwa upande wa mama, na ile inayokwenda kwa baba na mwana, ambayo ilizidi nguvu kadiri Uislamu ulivyoenea mijini. Maelezo ya pili yanavutia kwa sababu yanatufanya tuone pande zote mbili zikiwa na haki. Kila mmoja angeweza kusimama mbele ya wazee akasema kiti ni changu, na asiwe amesema uongo.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Maelezo mazuri si lazima yawe ya kweli. Utendi wenyewe hausemi habari za sheria mbili. Unasema sultani aliogopa. Sheria tumeziingiza sisi wasomaji, kama mashabiki wanavyoingiza ukoo wa siri pale mwandishi alipoacha pengo.

Aliishi lini?

Hapa nadharia zimetawanyika. Wapo wanaompeleka Liyongo nyuma hadi karne ya 9 au ya 10, wapo wanaomweka karne ya 13 au ya 14, na wapo wanaomleta hadi karibu na mwaka 1600. Kila mmoja ana dalili yake.

Wanaotaka zamani za mbali hutaja silaha. Katika kisa mna upinde na mishale, hamna bunduki, wala Mreno hatajwi, basi ni kabla ya Vasco da Gama kufika pwani mwaka 1498. Wanaotaka zamani za karibu hutaja Wagala, yaani Waoromo. Katika utendi, Wagala wanavutiwa na Liyongo hata wanampa mke wa kwao ili wapate mbegu yake, na mtoto anayemuua ndiye aliyezaliwa na mama huyo. Waoromo walienea kuelekea pwani hiyo katika karne ya 16 na ya 17. Basi kisa hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Dalili zote mbili zina ufa mmoja. Zinachukulia kwamba msimulizi hakubadilisha kitu njiani. Msimulizi wa karne ya 18 akitaka kutaja majirani wa bara angewaita kwa jina ambalo wasikilizaji wake wanalijua. Na mshairi anayemsifu bingwa wa upinde hana sababu ya kutia bunduki.

Kuna njia ya tatu, kupitia tarehe za Pate. Tarihi ya Pate inasema Wanabahani walifika kutoka Oman na kupata utawala mwanzoni mwa karne ya 13, na kwamba baadaye mfalme wao aliipiga na kuiteka Shaka. Kama ni hivyo, Liyongo wa Shaka lazima awe kabla ya mji wake kuanguka. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliandika makala akiitilia shaka tarihi hiyo, akisema Pate haikuwa mji mkubwa mapema kiasi hicho. Baadaye Thomas Wilson na Athman Lali Omar walichimba Pate wakakuta tabaka za makazi za kale zaidi ya Chittick alivyodhani, zinazorudi hadi karne za mwanzo za Uislamu. Hiyo haithibitishi mwaka wa kufika Wanabahani. Inaonyesha tu kwamba mji ulikuwapo, na kwamba anayefunga mjadala mapema anaweza kufunguliwa na jembe.

Mwarabu, Mwajemi au Mwafrika?

Tulisema kuna jambo zito katika ubishi huu, na hapa ndipo lilipo. Wapo waliomnasibisha Liyongo na Washirazi au Waarabu, na wapo waliosema ni Mwafrika mtupu ambaye wageni walimvisha kilemba baadaye. Wapokomo wa Mto Tana nao wana masimulizi yao juu yake. Kwa msomaji wa mbali haya ni maelezo ya chini ya ukurasa. Kwa sisi tuliokulia Dubai, katika nyumba ambazo bibi ni wa Unguja, baba amezaliwa Muscat na shangazi yuko Mombasa, ni swali tunaloulizwa karibu kila wiki: kwani ninyi hasa ni nani?

Jina lake linatoa somo. Fumo ni neno la Kibantu. Maana yake ni mkuki, na pia lilikuwa cheo cha watawala. Sasa tazama majina ya masultani wa Pate wa karne ya 18 na ya 19: Fumo Madi, Fumo Luti. Hawa ni Wanabahani, watu ambao tarihi yao wenyewe inawatoa Oman. Waliokuja walichukua cheo cha waliokuwapo, wakakivaa bila kuona haya, wakatunga kwa lugha ya hapo. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, mmoja wa wajuzi wakubwa wa ushairi wa Kiswahili katika zama zetu, alibeba jina la ukoo huo huo, na alikuwa katika kikundi cha wataalamu waliotoa mkusanyo wa tungo za Liyongo mwaka 2004 pamoja na Abdilatif Abdalla, Farouk Topan na wengine.

Nadharia inayomtaka Liyongo awe na asili moja safi inataka kitu ambacho watu wa pwani wenyewe hawakukidai katika majina yao.

Liyongo na Antara

Waliosoma shule za hapa Imarati wanamjua Antara bin Shaddad, mshairi na mpiganaji wa zama za kabla ya Uislamu, mtoto wa baba Mwarabu na mama mtumwa wa Kihabeshi. Katika sira yake ya kimapokeo, Antara anapigwa mshale wa sumu. Akijua anakufa, anabaki juu ya farasi wake ameegemea mkuki njiani. Maadui wanamwona kwa mbali, hawathubutu kusogea, na jamaa zake wanapata muda wa kupita salama.

Mfanano na kisima cha Shaka ni mkubwa, na bandari za Waswahili zilikuwa na wageni wa Kiarabu waliokuja na hadithi zao. Kwa hiyo nadharia kwamba kifo cha Liyongo kilikopwa kwa Antara si ya kupuuzwa. Tena Liyongo, kama Antara, ni mshairi na mpiganaji aliyenyimwa nafasi yake na watu wake mwenyewe.

Ila tazama nani anafaidika na maiti. Maiti ya Antara inawalinda watu wake dhidi ya adui. Maiti ya Liyongo inawazuia watu wa mji maji. Kama msimulizi wa pwani alikopa, basi alikigeuza alichokikopa, akauliza swali ambalo sira ya Antara hailiulizi: mtu mkubwa akianguka kwa usaliti, nani anabaki na kiu?

Mtoto asiye na jina

Katika utendi wa Kijumwa Saada, kijakazi, anatajwa kwa jina. Muuaji hana jina. Ni mtoto wa Liyongo tu. Wengi humhukumu haraka: msaliti. Lakini dalili za kumtetea zipo. Alizaliwa kwa sababu watu walitaka mbegu ya baba yake. Kisha sultani akamtaka kwa sababu anaweza kumkaribia baba yake. Hakuna anayemtaka yeye mwenyewe. Na Liyongo, katika utendi, anashuku kwamba kijana ametumwa, lakini anamwambia siri hata hivyo. Kwa nini? Wengine watasema ni mapenzi ya baba. Wengine watasema ni kiburi cha mtu asiyeamini kwamba anaweza kufa. Zawadi aliyoahidiwa kijana hakuipata, na mwisho wake ukawa mauti.

Hatumsafishi. Tunasema tu kwamba kisa kinachomnyima mtu jina kinatualika tumhukumu bila kumsikia. Na upande wa pili, Saada na mama yake Liyongo walifanya kazi yote ya werevu: kushika ujumbe uliofichwa katika wimbo, kujua tamaa ya walinzi na kuitumia. Tukihesabu nani hasa alimtoa Liyongo gerezani, nguvu zake zinakuja mwisho.

Wazee walibishana vipi?

Mashabiki wa leo hutunga hadithi zao za pembeni. Wazee wetu walikuwa na takhmisa. Mshairi huchukua shairi la mwenzake lenye mishororo miwili katika kila ubeti, akaongeza mitatu yake mbele, ubeti ukawa wa mitano. Takhmisa ya Liyongo, ambayo pia imo katika kitabu cha Steere, hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Mtu wa Pate, mji wa maadui wa Liyongo, alikaa akampa Liyongo sauti mpya bila kumfuta maneno. Huko ni kubishana kwa adabu: ya mwenzio yanabaki yakisomeka chini ya yako.

Mwaka 1991 Ibrahim Noor Shariff, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Oman, aliandika makala iliyouita uhalisia wa Liyongo kuwa fumbo la kuchunguzwa upya. Mjadala huo ulikuwa umefika Ghuba kabla yetu kuzaliwa. Kazi iliyobaki ni yetu kwa sehemu, kwa sababu baadhi ya masimulizi hayamo kitabuni. Yamo katika vyumba vya Deira, Sharjah na Muscat, kwa watu ambao hawajaulizwa.

Basi ombi letu kwa wanachama ni dogo. Ukienda nyumbani wiki hii, muulize bibi au babu kama amemsikia Liyongo. Akikusimulia, usimsahihishe kwa utendi wa 1913. Andika kama alivyosema, na uandike alisikia kwa nani na wapi. Muulize mambo matatu: Liyongo alikuwa mtu gani kwa watu wa mji wake, nani alimuua, na maji ya kisima yalitekwa lini tena. Majibu yakipishana, tusiyapatanishe. Tuyaweke kando kwa kando, kama mishororo ya takhmisa.